Nansen, Amundsen, Scott au Shackleton: Uanze na Yupi?

Mwalimu anayetafuta kisa kimoja cha safari za barafuni kwa ajili ya darasa lake, ofisa aliyeagizwa aandae semina ya uongozi, na kijana anayependa tu habari za hatari, wote hufika kwenye majina yaleyale manne: Fridtjof Nansen, Roald Amundsen, Robert Falcon Scott na Ernest Shackleton. Muda wa kuwachimba wote wanne haupatikani kirahisi, na kila mmoja ana mashabiki wanaomtetea kama timu ya mpira. Hapa nimewaweka ubavu kwa ubavu ili upate wa kuanza naye.

Kwanza tuwatambue. Nansen (1861–1930), Mnorwei, aliongoza kundi la kwanza kuvuka barafu ya Greenland mwaka 1888, kisha akaiacha meli yake Fram igande kwa makusudi katika Bahari ya Aktiki kuanzia 1893 hadi 1896. Amundsen (1872–1928), naye Mnorwei, alipita na meli ndogo ya Gjøa katika njia ya bahari iliyo kaskazini mwa Kanada, 1903 hadi 1906, na tarehe 14 Desemba 1911 akafika Ncha ya Kusini kabla ya binadamu mwingine yeyote. Scott (1868–1912), ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alifika palepale tarehe 17 Januari 1912, akakuta hema la Amundsen limemtangulia kwa siku 34, na akafa njiani akirudi, yeye na wenzake wote wanne. Shackleton (1874–1922), mzaliwa wa Ireland, hakufika Ncha kamwe. Umaarufu wake umetokana na meli iliyozama na watu ambao hawakuzama nayo.

Wapo watakaouliza mbona hawamo Robert Peary na Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyekuwa nguzo ya safari za Peary, aliyezungumza lugha ya Wainuit, wenyeji wa Aktiki, na kuendesha mbwa kwa ustadi kuliko mzungu yeyote wa kundi lile. Dai lao la kufika Ncha ya Kaskazini mwaka 1909 lina ubishi hadi leo, na ukilianza utatumia muda wako wote kwenye hesabu za kilomita. Henson anastahili makala yake mwenyewe.

Vigezo

Nimetumia vinne: alivyojiandaa, alivyoishi na watu aliowaongoza, alichoacha ambacho bado kinafanya kazi, na doa ambalo mashabiki hulipita mbiombio. Sikuweka kigezo cha nani alitangulia, kwa sababu jibu lake ni tarehe mbili tu, na ukishazijua bado hujui umsome nani.

Maandalizi

Nansen alijiandaa kwa kuyapindua mazoea. Waliojaribu Greenland kabla yake walianzia pwani ya magharibi, penye makazi ya watu, ili mambo yakiharibika warudi. Yeye alianzia mashariki, ambako hapakuwa na wa kumsaidia. Chakula na usalama vilikuwa upande wa pili, kwa hiyo kurudi nyuma hakukuwa na faida yoyote. Kwa Fram alifanya vivyo hivyo. Meli ya Kimarekani Jeannette ilipondwa na barafu kaskazini mwa Siberia mwaka 1881, na miaka mitatu baadaye mabaki yake yakaokotwa kusini-magharibi mwa Greenland. Wengine walisoma habari hiyo kama msiba. Nansen aliona kwamba upo mkondo unaobeba barafu kutoka upande mmoja wa bahari hadi mwingine, na kwamba meli inaweza kuupanda. Fundi Colin Archer akamjengea meli yenye tumbo la mviringo, ambayo barafu ikiibana ingeinyanyua badala ya kuivunja. Mabingwa wa London walimwona amerukwa na akili. Fram iliganda Septemba 1893 na kuchomoka Agosti 1896 ikiwa nzima, na watu wote 13 wa msafara huo wakarudi nyumbani hai.

Amundsen aliazima mengi kwa Nansen, ikiwemo hiyohiyo Fram, lakini walimu wake halisi walikuwa Wainuit wa Netsilik. Safari ya Gjøa ilimweka karibu miaka miwili kwenye kisiwa cha King William, na hakuipoteza kwa kungoja barafu iyeyuke. Alijifunza kuvaa ngozi zilizolegea ili jasho lipate pa kutokea, kujenga nyumba ya theluji, na kuendesha mbwa wanaovuta sleji, kile kigari cha barafuni kisicho na magurudumu. Kusini aliweka maghala ya chakula kwenye latitudo 80, 81 na 82, na kila ghala akalitia alama kwa safu ya bendera zilizoikata njia, zikaenea kilomita kadhaa kushoto na kulia. Hata akipotea ndani ya ukungu, angeigonga bendera mojawapo na kujua ghala liko upande gani. Mbwa 52 waliondoka naye kambini, 11 wakarudi. Waliokufa walikuwa wamepangiwa kuliwa, na mbwa wenzao na watu pia. Ni hesabu ya kuudhi, na ilifanya kazi.

Scott aligawanya matumaini yake mafungu manne: magari ya injini, farasi wadogo kutoka Manchuria, mbwa, na mabega ya watu. Gari moja lilizama baharini likishushwa melini. Mawili yaliyobaki yaliharibika mapema. Farasi hutoka jasho mwili mzima, na jasho hilo huganda. Kwa kuwa farasi walikuwa hoi, ghala kubwa lililopangiwa latitudo 80 liliwekwa mapema, yapata kilomita 57 kabla ya hapo. Mwaka uliofuata Scott na wenzake wawili wa mwisho, Wilson na Bowers, walifia hemani takriban kilomita 20 kabla ya kulifikia. Ghala lingewekwa palipopangwa, wangekuwa wameshalipita. Tena dakika za mwisho Scott aliongeza mtu wa tano kwenye kundi la Ncha, wakati mahema na chakula vilikuwa vimepimwa kwa watu wanne. Lakini haki ni haki: vipimo vya hali ya hewa vilivyokusanywa baadaye vinaonyesha Machi 1912 ulikuwa na baridi kali kuliko kawaida ya eneo lile, kwa hiyo anayesema Scott alikufa kwa uzembe mtupu naye anarahisisha mno.

Shackleton kwenye kigezo hiki yuko nyuma. Mwaka 1914, akielekea kuvuka bara la Antaktika kwa meli yake Endurance, wawindaji nyangumi wa kisiwa cha Georgia Kusini walimwonya kwamba barafu ya Bahari ya Weddell mwaka ule ilikuwa mbaya. Akaenda.

Yeye na watu wake

Hapa ndipo Shackleton anapolipa deni lote. Endurance ilinaswa Januari 1915, ikahamwa Oktoba, ikazama Novemba, na watu 28 wakabaki juu ya barafu inayoelea. Alichofanya kuanzia hapo kinafaa kutazamwa kwa vitu vidogo. Mifuko ya kulalia ya manyoya haikutosha, mingine ilikuwa ya sufu tu, basi ikapigwa kura. Na kura hiyo ilichezewa ili ile ya sufu iwaangukie maofisa, Shackleton mwenyewe akiwamo. Wagumu na wanung'unikaji aliwaweka kwenye hema lake, wasije wakasambaza sumu kwa wengine. Kila mtu alipoamriwa kutupa vitu vyake visivyo vya lazima, aliagiza banjo la Hussey, mmoja wa watu wake, libebwe. Walipofika Elephant Island kwa mashua, alichukua watu watano akavuka nao takriban kilomita 1,300 za bahari chafu hadi Georgia Kusini kwa mashua ya mita saba hivi, na miongoni mwa hao watano alichagua wawili aliojua wangeleta vurugu wakiachwa nyuma. Kisha yeye na wawili kati ya hao watano, Worsley na Crean, wakavuka milima ya Georgia Kusini kwa saa 36. Wale 22 waliobaki walichukuliwa tarehe 30 Agosti 1916 na meli ya Chile, Yelcho, chini ya Luis Pardo. Wote hai.

Kuna tukio la kabla ya hapo ninaloliona zito zaidi. Tarehe 9 Januari 1909 alikuwa amebakiwa na kilomita 180 hivi kufika Ncha, akiwa amewapita binadamu wote waliowahi kwenda kusini. Akageuka. Chakula kisingetosha kuwarudisha. Katika safari hiyo ya kurudi alimlazimisha Frank Wild ale biskuti yake, mgao wake wa siku. Wild hakuisahau hadi kufa, na miaka saba baadaye ndiye aliyewalinda wale 22 kule Elephant Island.

Amundsen aliongoza kikosi kidogo cha wajuzi na hakupenda maneno mengi. Kilipokwenda sawa kilikwenda sawa kabisa. Lakini Septemba 1911, kwa hofu ya kutanguliwa na Scott, aliondoka mapema mno. Baridi ikawarudisha mbio kambini bila mpangilio, Amundsen akiwa mbele na wengine wakiachwa nyuma. Hjalmar Johansen, aliyekuwa na uzoefu wa barafu kuliko wote, alimwokoa mwenzake aliyekaribia kuganda, akamkaripia kiongozi mbele ya watu. Amundsen akamwondoa kwenye safari ya Ncha. Johansen alijiua mwaka 1913.

Huyu Johansen ndiye aliyekuwa na Nansen mwaka 1895, wawili hao walipoiacha Fram na kuelekea kaskazini hadi latitudo 86 na dakika 14, mbali kuliko yeyote wakati huo. Walikaa karibu miezi tisa katika kibanda cha mawe kilichoezekwa ngozi ya mnyama wa baharini, wakila dubu, na hawakukosana. Nansen hata hivyo hakuwa mtu mwepesi. Mabaharia wa Fram walimwona mzito na wa mbali.

Scott alileta barafuni ngazi za jeshi: ndani ya kibanda chao ukuta wa masanduku uliwatenga maofisa na mabaharia. Kwa macho yetu ni kinyaa, kwa macho ya wanajeshi wa majini wa enzi ile ilikuwa kawaida. Na bado watu walimfuata hadi kufa, jambo ambalo cheo peke yake hakilileti.

Kilichobaki

Kigezo hiki ndicho ninachokipa uzito mkubwa, na hapa Nansen anatoka barafuni kabisa.

Vipimo vya Fram vilionyesha kwamba katikati ya Aktiki kuna bahari yenye kina kirefu, si ardhi wala maji ya kina kifupi kama wengi walivyodhani. Nansen aligundua pia kwamba barafu haifuati upepo moja kwa moja, bali inakwenda upande wa kulia wake. Swali hilo likamfikia Vagn Walfrid Ekman, Mswidi, ambaye hesabu zake bado zinafundishwa kwa kila anayesomea mikondo ya bahari. Meli ya utafiti yenye jina la Dr Fridtjof Nansen, iliyoanza kazi mwaka 1975, imepima samaki hadi kwenye maji ya Kenya na Tanzania.

Kisha akawa mtu wa wakimbizi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisimamia kurejeshwa makwao kwa wafungwa wa vita zaidi ya 400,000. Mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa likamfanya Kamishna Mkuu wa Wakimbizi, na mwaka 1922 akaanzisha hati ya kusafiria ya watu wasio na nchi, iliyokuja kuitwa pasipoti ya Nansen na kukubaliwa na mataifa zaidi ya 50. Mtunzi wa muziki Igor Stravinsky na mchoraji Marc Chagall waliibeba. Mwaka huohuo wa 1922 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hutoa tuzo yenye jina lake, na hapo ndipo habari hii inafika kwetu: mwaka 1983 alitunukiwa Mwalimu Julius Nyerere, mwaka 2005 Marguerite Barankitse wa Burundi, mwaka 2013 Sista Angélique Namaika wa Kongo, na mwaka 2023 Abdullahi Mire, aliyekulia kambi ya Dadaab na kuwapelekea wakimbizi wenzake vitabu.

Scott aliacha sayansi, ingawa kinachosimuliwa zaidi ni kifo. Alipokutwa hemani Novemba 1912, palikuwa na kilo 16 za mawe ambazo yeye na wenzake hawakuzitupa hata walipokuwa wanakufa kwa njaa na baridi. Ndani ya mawe hayo mlikuwa na visukuku vya Glossopteris, mmea wa kale ambao majani yake yamepatikana pia India, Amerika ya Kusini na Afrika, pamoja na matabaka ya makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu kusini mwa Tanzania. Ni miongoni mwa ushahidi kwamba mabara ya kusini yaliwahi kuwa nchi moja. Mwalimu wa jiografia akilijua hilo hahitaji kingine cha kuwafanya wanafunzi wanyanyue vichwa. Kuna pia mayai matatu ya pengwini, yaliyofuatwa gizani katikati ya majira ya baridi ya 1911, penye nyuzi 60 chini ya sifuri, na ambayo hayakuthibitisha nadharia yaliyotafutiwa. Yako kwenye jumba la makumbusho London. Sehemu ya fedha ambazo umma ulichanga kwa kumkumbuka Scott ilisaidia kuanzisha taasisi ya utafiti wa ncha za dunia huko Cambridge mwaka 1920.

Amundsen aliacha mbinu zaidi ya maarifa. Vipimo vyake vya Gjøa vilionyesha kwamba ncha ya sumaku ya kaskazini imehama tangu ilipopatikana 1831, na mwaka 1926 alipita juu ya Ncha ya Kaskazini ndani ya Norge, puto kubwa la gesi lenye injini, katika safari ya kwanza kufika huko isiyo na ubishi. Kituo cha Marekani kilichopo Ncha ya Kusini kinaitwa Amundsen–Scott, washindani wawili wakilazimika kukaa kwenye kibao kimoja.

Shackleton ameacha mfano, na mfano huo una soko. Vyuo vya biashara humfundisha, na mabaki ya Endurance yalipopatikana Machi 2022, mita 3,008 chini ya Bahari ya Weddell, ulimwengu ulizungumza tena. Kwa sayansi mchango wake mwenyewe ni mdogo, ila watu wa safari yake ya 1907–1909 ndio waliopanda mlima wa volkano wa Erebus kwa mara ya kwanza na kufika eneo la ncha ya sumaku ya kusini.

Doa

Shackleton husifiwa kwamba hakupoteza mtu. Si kweli. Kundi lake la pili, lililotumwa upande wa pili wa Antaktika kumwekea maghala, lilipoteza watu watatu. Na fundi seremala McNish, aliyeifanya ile mashua iweze kuvuka bahari, alinyimwa medali kwa sababu aliwahi kubishana naye.

Amundsen aliificha safari ya kusini hata kwa wengi wa mabaharia wake mwenyewe, wakidhani wanakwenda kaskazini, na Nansen aliyemwazima meli naye hakuambiwa. Scott alipata habari kwa simu ya maandishi akiwa Melbourne. Ukiliita ujanja au usaliti ni juu yako; mimi ningeliita usaliti kwa Nansen na ujanja kwa Scott.

La Scott limeshasemwa: maamuzi yaliyowagharimu wengine uhai. Kikubwa zaidi ni kwamba kwa miongo mingi Uingereza ilikipamba kifo chake kiasi cha kuzuia maswali.

La Nansen watu hawalitaji. Alikuwa miongoni mwa waliopendekeza na kusukuma ubadilishanaji wa watu kati ya Ugiriki na Uturuki mwaka 1923, ambapo zaidi ya watu milioni moja walipoteza makwao kwa lazima, wakigawanywa kwa dini. Yeye aliona anaepusha mauaji. Waliong'olewa hawakuulizwa.

Umchukue nani

Kama una darasa la jiografia au sayansi, anza na Scott, na anza na yale mawe badala ya kifo. Kama darasa ni la historia au uraia, hasa katika nchi zetu zilizopokea wakimbizi miaka nenda miaka rudi, Nansen atakupa vipindi vingi kuliko wengine watatu, na kisa cha Ugiriki na Uturuki kitawapa wanafunzi wakubwa kitu cha kubishania kwa uzito.

Semina ya wafanyakazi waliopigwa na hasara, mradi uliokufa, kampuni inayopunguza watu: Shackleton. Lakini usimpeleke kwenye semina ya kupanga bajeti. Hapo mchukue Amundsen, uwaonyeshe bendera za kwenye maghala na kuwauliza zao ziko wapi. Amundsen anamfaa pia kijana anayedhani wenyeji wa mahali hawana la kumfundisha msomi.

Msomaji anayetaka tu kisa kitakachomnyima usingizi aanze na mashua ya Shackleton, Aprili hadi Mei 1916. Mwenye moyo mwepesi kwa wanyama amweke Amundsen mbali, na ajue kwamba kwa Scott na Shackleton mbwa na farasi nao hawakusalimika.

Na kama ni klabu ya mdahalo, usichague mmoja. Wachukue Amundsen na Scott pamoja, gawa ukumbi pande mbili kwa hoja moja: kati ya kurudi na ushindi na kurudisha ujuzi, msafara utumie uzito wake wa mwisho kubeba kipi? Upande wa Amundsen waruhusiwe kuuliza kilo 16 ni chakula cha siku ngapi, na upande wa Scott waruhusiwe kuuliza nani leo angejali kuhusu hema tupu.